Rangi ya jani ni tiba ya macho, si dawa ya kunywa

Ndugu msomaji, wiki hii nakupeleka Nyangoto, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime. Ni mwezi wa Agosti, kiangazi kimekolea, na katika ua wa nyumba moja niliyoitembelea kuna mkungu mkubwa unaopukutisha majani. Ukiingia uani utadhani umetandikiwa mkeka. Jani hili jekundu, lile la njano, lingine lina rangi ya chungwa, na yapo yenye rangi zote tatu kwa pamoja. Watoto walikuwa wamechagua yale mazuri zaidi na kuyapanga kizingitini kama noti za duka lao la kuchezea.

Mama mwenye nyumba alinipa kiti chini ya mti. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitatu, alikuwa amelala mapajani mwake wakati wenzake wakicheza. Jikoni kulikuwa na sufuria inachemka. Nilipouliza kama ni chai, alicheka kidogo, akasema, "Hapana, nesi. Ni majani ya huu mti. Nimechagua mekundu matupu. Huyu mtoto damu imepungua, na nimeambiwa jani jekundu linaongeza damu."

Nilimwomba nimwangalie mtoto. Viganja vilikuwa vimepauka, ndani ya kope kumepauka, na alikuwa anapumua haraka kama aliyetoka kukimbia, wakati hakuwa ameinuka tangu asubuhi. Nikamwambia mama aepue sufuria, twende kituo cha afya wakati ule ule. Kipimo kilionyesha malaria, na wingi wa damu ulikuwa chini ya gramu 7 kwa desilita. Mtoto alitibiwa, akaongezewa damu, na leo anakimbia na wenzake. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa amenyweshwa maji ya majani kwa siku nne. Siku nne ni nyingi sana kwa mtoto mwenye malaria.

Sikumlaumu mama yule na wala simlaumu leo. Alifanya kile ambacho wazazi wengi hufanya: aliona rangi, akaiamini. Ndiyo maana naandika. Nataka tuyapende majani yenye rangi, tuyapande, tukae chini yake na wagonjwa wetu. Lakini tuyaache macho yafaidi, mdomo usihusike.

Wekundu unatoka wapi?

Jani ni la kijani kwa sababu ya kitu kinachoitwa klorofili, ambacho hunasa mwanga wa jua na kuutumia kutengeneza chakula cha mti. Lakini ndani ya jani hilo hilo kuna rangi nyingine, za njano na chungwa, zinazoitwa karotini na jamaa zake. Zimo humo siku zote, ila kijani kimezifunika. Mti ukianza kulistaafisha jani, huivunja klorofili na kurudisha virutubisho vyake shinani kabla jani halijadondoka. Kijani kikiondoka, njano hujitokeza.

Nyekundu ni habari nyingine. Katika majani mengi haikuwamo tangu mwanzo, bali hutengenezwa jani linapokaribia mwisho wake. Inaitwa anthosianini, na ndiyo inayoipa zambarau rangi yake na rozela rangi yake. Hata majani machanga ya mwembe, yale yanayotoka yakiwa ya rangi ya shaba kabla ya kuwa kijani, yana rangi hiyo.

Katika nchi za baridi, kama Canada na Japani, jambo hili hutokea kwa miti mingi kwa pamoja, siku zinapofupika na baridi inapoanza. Watu husafiri kwenda kutazama. Sisi Mara tuko karibu na ikweta, na urefu wa siku zetu hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Miti yetu haiongozwi na ufupi wa siku bali zaidi na ukavu. Kwa hiyo hatuna msimu wa msitu mzima kuwaka rangi, lakini tuna mkungu unaogeuka uani kwetu wakati wa kiangazi, na hilo nalo ni zuri la kutosha.

Sasa sikiliza vizuri, mzazi. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, na himoglobini imejengwa kwa madini ya chuma. Wekundu wa jani ni anthosianini, na anthosianini haina chuma. Rangi hizi mbili zinafanana kama watu wawili waliovaa shati la rangi moja: haimaanishi ni ndugu. Tena majani ya mkungu yana tanini nyingi, kitu kile kile kinachoifanya chai ya rangi iwe kali mdomoni. Tanini huzuia mwili kufyonza chuma kutoka kwenye chakula. Yaani yule mama, kwa nia njema kabisa, huenda alikuwa anamzuilia mtoto hata kile kidogo alichokipata kwenye mboga.

Damu inapungua kwa nini?

Huku kwetu Kanda ya Ziwa sababu ni nyingi, na hakuna hata moja inayoonekana kwa kutazama majani. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Minyoo ya tumbo hunyonya damu kidogo kidogo. Chakula kisicho na chuma cha kutosha huufanya mwili ushindwe kutengeneza damu mpya. Na upo ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, unaorithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja na ambao umeenea zaidi katika kanda yetu kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto wa selimundu hupungukiwa damu mara kwa mara, macho huwa ya njano, na akiwa mdogo huweza kuvimba mikono na miguu kwa maumivu makali.

Kila sababu ina matibabu yake. Ukimpa dawa ya malaria mtoto mwenye minyoo tu, hujamsaidia. Ukimnywesha maji mekundu mtoto mwenye selimundu, umempotezea muda. Ndiyo maana kipimo hakina mbadala. Wingi wa damu hupimwa kwa tone moja la kidoleni. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na chini ya gramu 7 ni upungufu mkali.

Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, mtoto anachoka haraka, anapumua haraka, moyo unamwenda mbio, hataki kunyonya wala kula, au anakula udongo kuliko kawaida, mpeleke akapimwe. Kama anapumua kwa shida au amelegea, usingoje asubuhi.

Kama unataka damu itoke jikoni kwako, inatoka, ila kwa majani yanayoliwa na kwa vingine. Mchicha, matembele, mnavu na mgagani vinasaidia. Dagaa, nyama, maini na maharage vina chuma, na chuma cha nyama na samaki hufyonzwa vizuri zaidi. Chungwa au nyanya pamoja na mlo husaidia mwili kukifyonza. Chai ipe nafasi, inywe mbali na mlo. Na ile njano ya karotini niliyoitaja, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mtoto ataipata kwenye viazi lishe, karoti, maboga na mboga za majani. Hahitaji kutafuna jani la kupukutika.

Kwa nini basi nasema tiba ya macho?

Kwa sababu macho nayo yanatibu, kwa namna yake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupekua mafaili ya hospitali moja katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Nusu yao madirisha ya vyumba vyao yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Alichukua tu kumbukumbu za miezi ambayo miti ilikuwa na majani. Waliotazama miti walitoka hospitali karibu siku moja mapema kwa wastani, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi kuliko waliotazama ukuta.

Utafiti mmoja wenye watu 46 hauwezi kumaliza mjadala, na jani halijawahi kuponya jipu. Lakini kila aliyewahi kumuuguza mtu nyumbani anajua ninachosema. Mgonjwa wa kiharusi anayelala chumbani akitazama bati siku nzima ananyong'onyea. Mtoe nje, mweke chini ya mti, mpe jani la kushika, muulize lina rangi ngapi. Atazungumza. Ataona watoto wakipita. Atajua kuwa leo yameanguka mengi kuliko jana, na kesho atataka kutoka tena. Kwa mtu ambaye siku zake zote zinafanana, hilo si jambo dogo.

Nyangoto inahitaji hili kuliko sehemu nyingi. Mgodi wa North Mara umekuwa ukizalisha dhahabu tangu 2002. Watu wamekuja kutoka kila upande, vyumba vya kupangisha vimejengwa hadi ukingo wa njia, na kipande cha ardhi kikibaki wazi mwenyewe anahesabu chumba kingine. Nimewasikia watu wazima wakisema, "Maua ni ya watu wenye pesa, sisi maua tutayala?" Nawajibu: kivuli hukili pia, lakini saa saba mchana wote mnakigombea. Hatua nne kwa nne za ua, mti mmoja na mimea michache, zinatosha.

Wengine wananiambia mimea inaleta malaria. Mbu anaweza kujificha kwenye majani mchana, lakini hazaliwi hapo. Anazaliwa kwenye maji yaliyotuama. Shimo moja la uchimbaji lililoachwa likajaa maji ya mvua linazalisha mbu kuliko bustani kumi. Fukia mashimo, lala kwenye chandarua, mwaga maji yanayobaki kwenye visahani vya makopo ya maua, na uache mkungu wako usimame. Nyoka naye hukaribishwa na vichaka na marundo. Bustani iliyofagiliwa haimfichi.

Uzuri haukuambii sumu

Hapa ndipo nataka mzazi asome mara mbili. Jani kuwa zuri hakumaanishi ni salama, na jani kuwa la kawaida hakumaanishi ni salama pia. Tarime tunalijua hili kuliko wengi. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilaya yetu kama ilivyokuwa wakati huo ilikumbwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoliwa bila kuandaliwa vya kutosha, kwa sababu ya njaa. Mhogo ule haukuwa na rangi ya hatari. Ulifanana na mihogo mingine.

Basi pitia ua wako leo hii.

Mnyaa, ule wa kuzungushia ua, una utomvu mweupe unaounguza ngozi. Ukiingia machoni unaweza kuumiza kioo cha jicho vibaya sana. Mtoto asivunje vijiti vyake kwa mchezo.

Mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, upo wa majani mekundu unaopandwa kwa urembo. Majani yanapendeza, lakini mbegu zake zenye madoadoa zina sumu kali iitwayo risini. Mtoto akizitafuna, hata chache, maisha yake yamo hatarini. Na watoto huzipenda kwa sababu zinafanana na shanga.

Oleanda, wenye maua ya waridi au meupe, una sumu kila sehemu, na sumu hiyo hushambulia moyo. Ndugu yake wa maua ya njano yenye umbo la kengele ni vivyo hivyo.

Ile mimea ya kopo yenye majani mapana ya kijani na mabaka meupe, inayowekwa sebuleni, jina lake difenbakia, ina vipande vidogo vyenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna, mdomo na ulimi huvimba, mate humtoka, hata sauti hukata.

Kroton, ile ya majani ya njano, nyekundu na kijani iliyo mbele ya nyumba nyingi, ina utomvu unaowasha ngozi. Huna haja ya kuing'oa. Nawa mikono baada ya kuipogoa na umfundishe mtoto asiiweke mdomoni.

Kama una watoto chini ya miaka mitano, mnyonyo na oleanda ving'olewe. Usivichome, moshi wake nao si salama. Fukia. Badala yake panda mkungu, ambao matunda yake watoto huyala bila shida, rozela, mchicha mwekundu, na matembele yale ya majani ya zambarau. Utapata rangi, na mengine yataingia jikoni.

Ikitokea ajali

Mtoto akiwa ametafuna mmea usioujua, mtoe mabaki mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa safi, msukutulie kwa maji. Usimtapishe. Usimpe mafuta, usimpe chumvi, usimpe dawa ya kienyeji ya kupambana na sumu. Kata tawi la mmea huo, uende nalo kituo cha afya ili mhudumu aone ni nini. Nenda hata kama mtoto anaonekana mzima. Sumu ya mnyonyo inaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kutapika na kuhara kuanza.

Utomvu ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20 bila kuacha, kisha nenda hospitali. Usitie maziwa ya mama, usitie sukari, usimruhusu asugue jicho.

Majani yaliyoanguka na udongo wa bustani

Nimalizie na mambo mawili ya Nyangoto. La kwanza ni moshi. Jioni za kiangazi kila ua unachoma majani, na mtoto mwenye pumu au nimonia analala katikati ya moshi huo. Majani yasichomwe. Yachimbie shimo, changanya na maganda na samadi, mwagia maji kidogo, na baada ya miezi michache utakuwa na mboji ya mchicha wako. Au yatandaze kwenye mashina ya migomba yatunze unyevu.

La pili ni udongo. Usijaze makopo ya maua wala matuta ya mboga kwa marudio kutoka sehemu za kuoshea dhahabu. Marudio hayo yanaweza kuwa na zebaki, na zebaki huharibu ubongo wa mtoto na wa kiumbe kilicho tumboni. Mtoto anayecheza bustanini hupeleka vidole mdomoni siku nzima. Usikusanye magwangala uani kwa ajili ya kusagwa pale watoto wanapochezea, na dhahabu isichomwe nyumbani kabisa. Bustani iwe mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kuchafuka bila wewe kuogopa.

Nilirudi kwa mama yule baada ya wiki chache. Mtoto alikuwa chini ya mkungu, ameshika jani jekundu kubwa kuliko uso wake, anachungulia kupitia tundu lililoliwa na mdudu. Mama alinionyesha kadi ya kliniki, tarehe ya kurudi kupima damu imezungushiwa duara. Kisha akanionyesha dirisha la bibi yao mgonjwa. Alikuwa amesogeza kitanda ili bibi autazame mti.

"Haya si ya kunywa, nesi, nimeelewa," alisema. "Lakini bibi akiyaona anaomba uji."

Mzazi, kama mwanao amepauka, mpeleke akapimwe leo. Ukirudi, mkae naye chini ya mti.

Tukutane wiki ijayo.